Mgongo wa Mkwe

Sainte-Anne, Guadeloupe
Jumatano, 2 Julai 2025

Baba mpendwa,

Hujambo? Mafua yamekuacha? Sisi tumefika salama. Miguu imevimba kwa kukaa ndegeni, lakini hakuna aliyeugua.

Mahali hapa pangekufurahisha. Élisabeth, dada mkubwa wa Arnaud, ni mpishi wa hoteli hii, na ametupatia vyumba vitatu: changu, cha Mama, na cha Arnaud mwisho kabisa wa ukumbi. Bahari imetulia, si kama ile ya Durban inayokuzaba kofi ukiwa bado na viatu. Asubuhi wafanyakazi wanazoa mwani wa kahawia ulioletwa na maji, maana ukioza unanuka kama mayai viza. Baada ya hapo ufukwe unabaki mweupe, na mtu anajiona tajiri.

Lakini Baba, kuna shida. Mama hataki kukaa na Arnaud. Akiingia mlango huu, Mama anatokea mlango ule. Chakula anakula chumbani. Jana Arnaud alikuja kuniita twende ufukweni, amevaa kaptura. Mama aliinua gazeti la Kifaransa, lugha asiyoijua hata neno, akajifunika nalo uso mpaka mwenzake akaondoka.

Ulisema Mama amekuja kumtazama mchumba wangu, na kwamba neno atakalorudi nalo ndilo utakalowapa wajomba wa Arnaud watakapokuja kuposa Jumamosi ya tarehe 19. Atamjuaje mtu asiyemtazama? Naogopa ameshaamua.

Binti yako,
Valerie

Durban
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mwanangu Valerie,

Nashukuru Mungu kwa kufika kwenu. Barua yako imenikuta kazini Mobeni, nikaisoma kwenye simu nimesimama kati ya makopo ya rangi. Mafua yamepungua. Baridi iko, lakini sadini wamefika, na jirani yetu ametoka ufukweni na ndoo nzima. Nimekaanga wachache, nimeunguza wengi.

Mama yako mwache. Tangu nimuoe sijawahi kumsukuma kwenye uamuzi nikapata faida. Neno langu ni lilelile. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, mjomba wa Arnaud, mzee Honoré, na ndugu zake watakunywa chai na kurudi kwao. Mzee alinisimamisha jana pale Warwick, mbele ya duka la simu la Arnaud, akaniuliza kama anunue suti. Nikamwambia asubiri.

Mimi mwenyewe huyo mpwa wake sijamwelewa. Ile siku alipokuja kutengeneza simu yangu, tuliongea vizuri. Mama yako alipoingia na chai, kijana akachukua vyombo vyake akaenda kumalizia kazi nje, kwenye manyunyu. Sikujua kama ni haya au ni kiburi. Hilo ndilo nililomtuma mama yako akalitambue.

Ule, ulale, uote jua.

Baba yako

Sainte-Anne
Jumanne, 8 Julai 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto. Mama ni mzima na amenenepa kidogo, ingawa anakataa.

Jumapili Élisabeth alitupeleka kijijini baada ya misa. Wanawake wamejifunga vilemba vya miraba, wanauza bajia za samaki zenye pilipili ya kuliza. Halafu ngoma zikaanza, wanaziita gwoka. Watu wanafanya duara, mmoja anaingia kucheza, na mpiga ngoma lazima amfuate mchezaji, si mchezaji kumfuata yeye. Mama aliuliza mara mbili kama amesikia sawa. Kisha akavua viatu akaingia. Baba, alitikisa mabega yale ya Kisii mpaka mpigaji akatoka jasho, na akina mama wa pale wakampigia makofi wakimwita dada. Sijawahi kumwona akicheka hivyo.

Ndipo Arnaud akatokea na sinia la vinywaji. Mama alimwona, akaacha kucheza, akavaa viatu, akaenda kukaa nyuma ya gari. Arnaud aliweka sinia chini, naye akaondoka. Watu wote waliona.

Nilimuuliza Mama amekosewa nini. Akasema, "Sijakosewa. Niache." Nilimuuliza Arnaud. Akasema hakuna kitu, ni mambo ya wakubwa. Tuligombana hadi sauti zikatoka nje.

Kwa sasa Mama anaamka na vikongwe wa hapa. Wanaingia baharini asubuhi wamevaa kofia za majani, maji shingoni, wanaongea tu kama wako sokoni. Hawaelewani hata neno, lakini hataki kukosa. Kuogelea hajui, ila anasema hapo ni kusimama tu.

Tarehe 19 inakaribia na wawili hawa hawajasalimiana.

Binti yako,
Valerie

Sainte-Anne
Alhamisi, 10 Julai 2025

Baba,

Nisamehe, sina nafasi ya kuuliza hali. Mama yuko hai, amelala, daktari amemwona.

Asubuhi alikuwa majini na wenzake, amejifunga leso. Aliteleza kwenye shimo la mchanga, akazama, akaibuka analia jina langu. Leso ilikuwa imeshamtoka, inaelea peke yake. Mimi nilikuwa juu ghorofani. Arnaud alikuwa chini, karibu naye kuliko mtu yeyote. Alikimbia mpaka majini, Baba, halafu akageuka. Akampa mama yangu mgongo. Akaanza kuingia kinyumenyume, polepole, kama gari linaloingizwa gereji, na Mama anakunywa maji. Hata mkono hakumpa. Alitupa taulo nyuma ya bega, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Vikongwe wakamsukuma Mama mpaka akaishika ncha, ndipo Arnaud akamburuta nje. Na alipomfikisha mchangani akaondoka bila kugeuka, hata kumuuliza kama anapumua.

Nimemrudishia pete. Nimemwambia mtu anayeona kinyaa kumshika mama yangu hawezi kunishika mimi. Amehamia kwa dada yake.

Mwambie mzee Honoré asije tarehe 19. Nazima simu, sitaki kusikia mtu.

Valerie

Durban
Alhamisi, 10 Julai 2025, jioni

Mwanangu,

Mpe mama yako pole yangu. Mwambie nimekaa chini, na nitasimama nikisikia sauti yake.

Nimejaribu kupiga, simu imezimwa, kwa hiyo naandika. Tafadhali usifanye jambo lingine lolote kabla hujasoma hapa.

Kwetu Kisii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya inayokaa kati ya mtu na wazazi wa mwenzi wake. Mkwe hali na mama mkwe, hampi mkono, halali alipolala. Kumwona bila nguo ni balaa, na nyumba zote mbili zinatikisika. Mimi nilipomwona bibi yako mzaa mama njiani kule Nyamira, niliingia kwenye shamba la chai nikasubiri apite. Alinipenda kwa hilo mpaka akafa. Wewe ulikuja Durban ukiwa unatambaa, bibi zako hukuwaona, na tulidhani mambo haya yatakufikia yenyewe. Sasa fikiria tumempeleka mama yako ufukweni na mkwe aliyevaa kaptura.

Sikudhani Wakongo kama akina Arnaud wanayo haya kama yetu. Sijui bado. Inawezekana kijana ana kiburi tu, na kama ni kiburi mimi mwenyewe nitamrudisha mzee Honoré mlangoni. Lakini soma tena ulichoandika. Aligeuka leso ilipotoka. Na baada ya kugeuka hakukimbia, aliingia.

Muulize mama yako. Halafu muulize Arnaud, kwa upole, kwa nini alitoa mgongo.

Baba yako

Durban
Jumapili, 13 Julai 2025

Valerie,

Siku tatu kimya. Sijui kama umesoma au umekasirika nami pia.

Mzee Honoré alikuja baada ya ibada. Alikuwa amenunua suti, bado ina karatasi ya duka kwenye mkono. Nilimpa chai, nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana. Aliniaga akasema, "Papa Valerie, kama ni mubaya, sema leo. Wajomba wengine wanatoka Johannesburg." Nikamwambia anipe mpaka Jumatano.

Andika hata neno moja.

Baba

Sainte-Anne
Jumanne, 15 Julai 2025

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Mama anakula, anatembea, na leo alirudi kwa wale vikongwe, safari hii maji magotini. Simu niliiwasha jana, nikasoma barua zako zote mbili nimekaa kitandani kwake.

Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. Akasema, "Ulitaka anione uchi kisha aje kumwoa binti yangu?" Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alidhani nimelia kwa sababu ya hofu, na pete hakujua kama nimeirudisha.

Nilikwenda kwa Élisabeth kwa miguu. Arnaud alikuwa anasafisha samaki. Nilimuuliza kama ulivyosema. Aliweka kisu chini, akasema, "Ule ni mama mukwe. Nitamuangalia namna gani akiwa mu mayi?" Nikamwambia lakini ulikwenda polepole. Dada yake ndiye aliyejibu. Arnaud hajui kuogelea, Baba. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni, naye hajui shimo liko wapi nyuma yake.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema pete ibaki kwa dada yake, nitarudishiwa baba yangu akisema ndiyo.

Usiku nilimuuliza Mama nikuambie nini. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Mwambie baba yako nimemwona."

Ni hilo tu. Kesho tunapanda ndege.

Binti yako,
Valerie

Durban
Jumatano, 16 Julai 2025

Mwanangu Valerie,

Safari njema. Barua hii utaisoma mkishatua, na mimi nitakuwa hapo uwanjani.

Nimempigia mzee Honoré nikamwambia aitoe karatasi kwenye suti. Nimemwomba pia amwambie Arnaud achukue pete kwa dada yake, asiisahau huko.

Sebule yetu ni ndogo, lakini nimeipanga. Kiti cha Arnaud kinatazama dirisha. Cha mama yako kiko upande wa jikoni, na katikati nimetundika shuka la maua. Watasikilizana bila kuonana, na kila mmoja atakula kwa raha.

Wewe nimekuwekea stuli hapo kwenye pazia. Utakuwa ukipitisha sahani, mara huku, mara kule, mpaka ujue njia.

Baba yako