Nilisema Hakuna Kaburi Kwenye Kichaka

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize. Sasa hivi mwanangu Angelina amelilaza gunzi lake analoliita mtoto, amelifunika majani, halafu akaniwekea kidole mdomoni nisimwamshe, nami nimelia mbele yake. Kabla sijaolewa nilizaa mtoto wa kiume, hakufikisha siku mbili, baba yake alimkana, tukamzika mimi na bibi yangu tu kwenye kichaka cha shamba lake hapa Mpwapwa, bila msalaba, bibi akapanda mti wa mnyaa juu yake uwe alama, akasema nisimwambie mtu nitakosa mume. Bibi amefariki, shamba kaniachia mimi, na mume wangu Kefa ni mwema, anataka tulime alizeti, akakodi mtambo wa kijiko, siyo kile cha ndoo, hiki kimefungwa mashine ya kukata vichaka, mti mnene kama mguu wangu unageuka makapi huku unaangalia. Opereta anaitwa Silvano, ana adabu, alizima mashine akauliza kama humo kuna kaburi, Kefa akacheka akasema muulize mwenye shamba, mimi ni mkwe tu. Wote wakanitazama.

Nikasema, "Hakuna, kaka, endelea."

Nimerudi pale mara nne, sioni mnyaa, pote makapi, na trekta la kulima linakuja Jumatatu. Natumaini bado nitampata, lakini nikisema Kefa ataniona mwongo tangu siku ya posa, nikinyamaza mwanangu atalimwa, na hata jina alikuwa nalo, bibi alimwita, ngoja mama mkwe ananiita, natuma hivi hivi...

JIBU

Pole, mama Angelina. Pole ya mtoto kwanza, maana naona hakuna aliyewahi kukupa.

Sasa nikugombeze. Uliulizwa na mtu mwenye adabu, mashine imezimwa, ukaichagua siri. Ulikosea. Ila tulia: mashine ile hukata vya juu, haichimbi. Mwanao hajaguswa. Trekta ndilo litakalomgusa.

Leo hii mwambie Kefa, mkiwa wawili tu. Usianze na shamba. Anza na mtoto, umtaje jina. Kisha nendeni mkafukue makapi kwa mikono. Mnyaa hung'ang'ania; shina likikwanguliwa litatoa utomvu mweupe, usijiguse macho. Mkilipata, zungushieni mawe, mwenyekiti wa kitongoji ajue. Msipolipata, upande ule wote usilimwe. Alizeti kidogo zikipungua hamtakufa.

Kefa anaweza kununa. Ana haki, mwache anune. Ila anunie nyumbani, trekta likiwa halijaja.