Mto wa Sungura Umetokea Jaridani

Sayuri, nimejifungia bafuni gizani. Nasikia zipu ikivutwa chumbani.

Chanzo ni Kuramochi, mwalimu wetu wa uandishi wa jioni, yule mwandishi wa riwaya za uhalifu! Insha yangu ya siku niliyochoka nikamfungia mwanangu Honoka mlango alie, kaigeuza hadithi kwenye jarida lake. Katika hadithi yake, mama anamuua mtoto kwa mto wa kulalia. Mto wenye sungura, Sayuri! Wa Honoka!

Na mimi niliyedhani atanisifia.

Nimempigia. Kacheka. “Binti, wewe una maumivu, mimi nina wasomaji. Vitabu vyangu kumi na viwili nimevipata hivyo hivyo.”

Wasomaji!

Mama mkwe kaisoma saluni. “Natsue, huu mto si wa mjukuu wangu?”

Honoka anagonga mlango: “Mama, bibi ameshafunga begi langu.”