Majani Uliyoomba Siyatumi

Bihambwe, Masisi
Tarehe 20 Agosti 1956

Mpendwa wifi yangu Pétronille,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku milimani. U hali gani? Watoto hawajambo? Na mume wako Damien, kile kikohozi kimemwacha? Sisi tunaamka na tunalala. Mvua bado, mbegu za maharage zinangoja.

Habari niliyo nayo ni mbaya, nami sijui kuizungusha. Papa yenu Ndagijimana ametutoka. Tulimzika Jumanne iliyopita karibu na migomba, pembeni ya Mama. Watu walilia sana. Mimi sijalia, wifi. Natwanga, nachota maji, nafagia ua, na moyo umekufa ganzi. Unaujua mdomo wangu. Sasa hata kuku wakiingia ndani siwafukuzi.

Barua yako ilifika tukiwa kwenye kilio. Unasema kiu haiishi, unakojoa mara kwa mara, na sisimizi wamejaa chooni. Unaomba nikutumie majani ya mubirizi yaliyomponya Papa. Ngoja nikueleze.

Mganga mmoja mwanamke wa Kashebere ndiye aliyetupa yale majani machungu, tuyachemshe Papa anywe. Infirmier wetu Floribert, muuguzi wa hapa, hakuyadharau. Alitaka tuyajaribu: kila Jumamosi aletewe mkojo wa Papa katika chupa, auchemshe na maji yake ya bluu. Sukari ikiwamo, maji yanageuka mekundu kama tofali. Isipokuwamo, yanabaki bluu. Majani yakishindwa, Papa aende Goma kupigwa sindano.

Mume wangu Théogène hurudi Jumapili tu kutoka shamba la pareto, kwa hiyo chupa ilikuwa yangu. Mkamwana kubeba mkojo wa baba mkwe! Niliificha kikapuni chini ya viazi. Maji yakabaki bluu. Kila mara bluu. Floribert alifurahi mno, safari ya Goma ikafutwa, na majirani wakakata mubirizi mpaka ikabaki vijiti. Papa akazidi kukonda. Tukasema ni uzee.

Siku ya kilio, mzee Sebahire, yule rafiki wa Papa wa kunywa naye pombe ya kasiksi, alisimama mbele ya watu.

«Ile mikojo yote ilikuwa ya mimi,» alisema. «Ndagijimana aliniambia: bibi ya mutoto wangu hawezi kubeba mukojo yangu mu njia, iko haya sana. Njo nikamusaidia. Sikujua kama niko namuua.»

 Floribert alichukua kofia yake akatoka. Mimi nilikuwa nagawa chakula, nikaendelea kugawa.

Sisemi majani ni mabaya. Nasema hakuna aliyeyapima. Papa aliyanywa, Sebahire akapimwa.

Kwa hiyo siyatumi. Nenda hospitali huko Bukavu, usingoje. Usimtume mtoto wala mkamwana. Chupa yako ibebe mwenyewe, mkononi, watu wakikuona.

Kaka yako Théogène anakusalimu. Watoto wetu pia, Joséphine-Marie na Emérita mdogo, anayeuliza kila siku shangazi atakuja lini. Tusalimie Damien na watoto wote. Mungu akupe afya, akuondolee haya.

Ukipona, uje. Nadhani nikikuona wewe ndipo nitalia.

Wifi yako akupendaye,
Verdiane