Kaka Rula na Maji Yaliyo Chini ya Sakafu

S.L.P. 418,
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, goti limetulia na daktari amekuruhusu tena kupanda ngazi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wanangu wanarefuka mpaka nguo zinawakimbia. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, na kila Ijumaa sauti inanikauka.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Kaka amesimamishwa kazi, nikajikanyagakanyaga hadi simu ikakatika. Nisamehe. Acha nikueleze toka mwanzo, maana wewe ndiye uliyemlea, na wewe ndiye uliyembandika jina la Rula kwa vile alikuwa anapima hata vipande vya mkate.

Unakumbuka alivyoajiriwa kiwanda cha ngozi akiwa mhandisi kijana. Ni yeye aliyechora bwawa la majitaka na lile bomba la kuyapeleka mtoni, bomba pana ambalo mtu mzima angeweza kutambaa ndani yake. Alilionea fahari kama mtu aliyepata mtoto. Mwaka wa sita, jua limeshapanda, alikuta vyura wanatoka mtoni. Mamia, wakikata barabara na kupanda mlima, na hata mmoja halii. Mlinzi wa getini akamwambia, "Mhandisi, hawa wanahama." Kaka aliyapima maji, akapeleka majibu kwa meneja. Meneja alicheka, akamwuliza tangu lini vyura wakawa wataalamu. Mwezi haukuisha Kaka akaacha kazi.

Akaingia mamlaka ya mazingira, akaanza upya kama mkaguzi wa chini kabisa. Watu walisema amerukwa na akili. Lakini alizijua njia zote za kuficha uchafu, kwa kuwa alikwishakaa upande ule. Miaka minne baadaye ni yeye aliyekifunga kiwanda kilekile. Amri ilitaka bwawa lifukiwe na bomba lizibwe kwa zege ncha zote mbili, naye akague kisha atie saini cheti.

Hapo ndipo penye kidonda, Shangazi. Ncha ya chini, ya mtoni, aliiona kwa macho yake. Alipokuwa anaelekea ya juu, mimi nikampigia simu kwamba Mama amezidiwa. Aliacha kila kitu, akaja hospitali. Jioni msimamizi wa mafundi alimfuata palepale kwenye benchi la wodi, akamwambia kazi imekwisha. Kaka akatia saini juu ya goti lake. Mama alituacha siku ya pili yake.

Kiwanja kiliuzwa, zikajengwa nyumba kumi na nne.

Mwezi Juni mwaka huu ofisi ya Kaka ilipokea malalamiko ya mama mmoja mshonaji anayekaa katika mojawapo ya nyumba hizo. Anasikia maji yanatiririka chini ya sakafu yake, na mvua haijanyesha miezi mitatu. Vijana wa ofisini walicheka. Kaka hakucheka. Alikwenda saa sita mchana, nami nikiwa naye kwa sababu tulikuwa tunatoka kuchukua miwani yake.

Sitakisahau chumba kile. Watu wote wa nyumba walitembea wakiambaa ukuta, hata mtoto wa miaka minne, na hakuna aliyemfundisha. Paka alikaa mlangoni, kuingia hataki. Yule mama alinong'ona kana kwamba kuna mgonjwa amelala: "Jana yalikuwa kabatini pale. Leo yamesogea." Kaka alitoa fimbo ya chuma wanayosikilizia mabomba, ncha moja akaisimamisha sakafuni, nyingine akaiweka sikioni. Akasikiliza. Akanipa na mimi. Shangazi, nilisikia maji yakienda bila haraka, na katikati yake changarawe zikidondoka, moja, kisha nyingine, kwenye shimo ambalo mwisho wake sikuusikia.

Tulipotoka aliniambia, "Ncha ya juu haikuzibwa. Chemchemi ya mlimani imeingia humo miaka kumi na moja, haina pa kutokea, na inachimba."

"Nani alithibitisha kwamba imezibwa?"

"Mimi."

Aliandika ripoti siku hiyohiyo, jina lake likiwa la kwanza kati ya waliokosea. Msaidizi wake alimsihi aseme cheti kimepotea. Akakataa. Familia zote zilihamishwa ndani ya siku mbili, matusi yakimwagika. Mshonaji alimpigia kelele mbele za watu: "Nilikuita uzuie maji, sio unitoe kwangu!" Na mamlaka ikamsimamisha Kaka kazi.

Siku ya kumi na moja tangu wahamishwe, saa tisa alasiri, nyumba ya mshonaji ilizama. Walioona wanasema haikuanguka. Ilishuka taratibu, wima, kama mtu anayekaa kitini, madirisha yakiwa mazima, mpaka bati likawa sawa na ardhi. Kishindo hakikuwepo.

Kesho yake mshonaji alikuja kwa Kaka. Alikaa, akasema, "Saa tisa huwa niko kwenye cherehani, na mwanangu miguuni." Akaaga, akaondoka.

Ungedhani Kaka angepumzika. Badala yake amevitafuta vyeti vyote alivyowahi kutia saini kwa kuamini maneno ya mtu. Ni sita. Anavifuata kimoja kimoja, bila gari la ofisi wala kitambulisho. Cha tatu ni cha bomba la zamani lililozibwa chini ya kiwanja ilipojengwa shule yangu. Sikuwa na habari.

Alikuja juzi, wakati wa hesabu. Watoto arobaini na wawili walizuia pumzi. Alipiga magoti kati ya madawati, akasikiliza kila pembe, kisha katikati, muda mrefu. Halafu akaenda nje, akaligusa zege la ncha zote mbili kwa mkono wake. "Pakavu," akaniambia. "Hakuna kitu." Namwamini, Shangazi. Kaka hajawahi kunidanganya.

Lakini tangu siku hiyo kengele ya mapumziko ikilia, watoto wangu hawatoki. Wanalala kifudifudi, masikio sakafuni, kimya. Jana nilipowafuata niwainue, msichana wa dawati la mbele aliweka kidole mdomoni, akaniambia, "Mwalimu, usitembee."

Kaka na wifi wanakusalimu sana, pia baba mdogo na wanangu wote. Mungu akutunze huko uliko, na kila unapokanyaga pawe imara.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu