Mama Benedicte, Uliyeketi Mlangoni pa Wafiwa

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu ulipotutoka. Tunaanza kwa kueleza ilivyokuwa, kwa sababu wapo wapita njia wanaomuuliza mwanao Divin, na tunataka jibu walipate hapa.

Ulikuwa umetoka kambini Dzaleka kwenda Lilongwe kununua nyuzi na vitambaa. Divin, ambaye kazi yake ni kabaza, kubeba abiria kwa pikipiki, alikupokea mtaa wa Mchesi akakupakia kwenye pikipiki. Gari la mizigo liliingia barabarani kutoka pembeni bila kusimama. Wewe ulifariki kabla ya kufika hospitalini. Divin alivunjika mkono. Ilikuwa mchana, barabara ilikuwa kavu, na dereva wa gari hilo alikiri mbele ya polisi kwamba hakutazama. Mwenye swali zaidi atuulize sisi.

Wengi walikujua kwa cherehani. Ulishona sare za kwaya yetu na kanzu za watoto wa majirani Waislamu, na hukuona tofauti ila kwenye urefu. Mshono ukipinda uliufumua, hata mteja akisema haumsumbui. Pini zikiwa mdomoni uliendelea kuongea, nasi tulikuelewa.

Lakini kambini ulijulikana zaidi kwenye vilio. Kwetu, kila anayeingia kutoa pole humuuliza mfiwa ilikuwaje, na mfiwa hueleza. Wageni wakiwa hamsini, ataeleza mara hamsini. Uliona Bukavu jinsi desturi hiyo ilivyommaliza dada yako alipofiwa na mume. Tangu hapo ulikuwa na utaratibu wako: ulileta maji, ukawasha moto, kisha ukaweka kiti mlangoni. Wageni uliwaeleza wewe, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza chochote. Aliyekwisha kusikia aliingia, akakaa, akanyamaza.

Ndivyo ulivyofanya kwa Sumaya, jirani yetu kutoka Kindu, mvua ilipoangusha ukuta wa nyumba yake na kumuua mtoto wake. Shemasi wa kanisa letu alitaka kuingia amuulize alikuwa wapi ukuta ulipoanguka. Hukunyanyuka kwenye kiti.

"Papa Shemasi, we unatafuta habari ao unatafuta kusaidia? Kama ni habari, niko nayo mi. Kama ni kusaidia, bidoni ile pale, haina maji."

Shemasi alichukua dumu hilo. Wengine walicheka, kilioni kabisa.

Ulipofariki, Baba alikumbuka kiti chako. Alikaa mlangoni mwenyewe, na akaamuru Divin asiulizwe kitu. Wageni walitii. Kilio kikaisha, amri ikabaki. Nyumbani kwa binti yako Lucie, Area 23 mjini Lilongwe, alikokaa Divin, jina lako lilikoma kutajwa Divin akiwapo. Akiingia, mazungumzo yalihamia bei ya unga. Mkono wake ulipona. Yeye aliacha kula na wenzake, kisha akaacha kutoka chumbani.

Asubuhi moja hakuwapo. Alikuwa ameacha simu yake kitandani, pamoja na viatu vyake vizuri na kitambulisho chake. Lucie alizunguka Mchesi kwa wenzake wa kabaza. Tuliwapigia simu ndugu zetu walio Madisi. Hawakuwa wamemwona. Baba alikwenda kuuliza kwenye chumba cha maiti, akaonyeshwa vijana wawili waliofikishwa siku hiyo. Hakuwa kati yao.

Jioni ndipo Sumaya alipopiga simu kutoka Dzaleka. Divin alikuwa amefika kwake kwa miguu na sasa alikuwa anakula.

Tulipofika, Sumaya alitusimamisha nje. Alimuuliza Baba nani alisema mtoto asiongee. Baba alijibu kwamba ni utaratibu wako, na kwamba Sumaya kuliko wote anaujua.

"Hapana, Baba Lucie," alisema. "Mama Lucie alikatazaka bantu kuniuliza. Mi hakunikataza kusema. Bantu bakishaenda, yeye alikuwa anabaki. Anashona, ananingoja. Siku nilianza kusema, aliweka sindano chini."

Sumaya akashusha sauti.

"Mutoto anasema hamumuulize juu munajua ni yeye aliua mama yake."

Baba amefundisha shule maisha yake yote. Aliingia, akaketi mkekani mbele ya mwanawe, akauliza kama mwanafunzi.

"Divin, ile siku, mama alikuambia nini njiani?"

Divin alimtazama kwanza, kama anayepima iwapo swali ni la kweli.

"Alilalamika kofia inanuka," alisema. "Kisha akasema niko naendesha sawa na mutu mwenye amebeba mayai."

Baba alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Divin aliendelea. Alieleza yote mpaka mwisho, na Baba hakumkatiza wala hakumsahihisha popote.

Kwa wanaotusoma na walio na mfiwa nyumbani: mkingeni na maswali ya wapita njia. Lakini mtu mmoja wa karibu abaki naye, wageni wakiondoka, asiyekuwa na haraka. Tulishika nusu ya utaratibu wako, Mama, na nusu hiyo ilikaribia kutuchukulia mtoto.

Divin hajarudi kwenye pikipiki, nasi hatumsukumi. Zipo siku anaamka vibaya. Lakini anakula mezani, na mara nyingine anaanza habari zako katikati ya nsima, chakula kikapoa, na hakuna anayemwambia ale kwanza.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gaspard, wanao Lucie na Divin, ndugu wote wa Madisi na Bukavu, pamoja na Sumaya, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya familia.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na tutakukumbuka kwa sauti.