Wekundu wa Korongo

Mjukuu wangu Kerubo,

Rangi ya picha zangu za makorongo ya Turkana ilipotea mwaka aliozaliwa mamako, na bado inaniuma. Hapa Keumbu tu wazima, ila goti la nyanyako linasumbua.

Umeuliza uongeze wekundu kiasi gani kwenye kompyuta, katika ile picha ya korongo uliyonitumia, nayo naiona tayari ni nyekundu. Mwaka ule fundi wa kusafisha filamu aliona miamba yangu myekundu, akadhani ni kasoro, akaisahihisha ikawa kijivu. "Kijana, mawe ni mawe," akaniambia, na filamu yenyewe akaitupa. Baada ya hapo nilianza kila filamu kwa kupiga leso nyeupe juani, fundi apate pa kulinganishia rangi.

Picha yako nataka kuitundika studio. Nimechoka kubahatisha rangi. Fundi wa fremu anakuja Jumamosi saa nne. Nijibu kabla hajafika: wekundu huo uliuona, au umeutia?

Babu yako