Bi Mdogo Tuliyemwandalia Banda la Kuku

Mama yangu niliyepewa na ndoa, shikamoo.

Leo hapa Masuguru hapakaliki. Mjukuu wako Mwanaidi ameleta sungura, na tangu asubuhi watu wazima watatu wanabishana uani: mlango wa banda uelekee wapi, sakafu iwe ya mbao au ya udongo, mvua ikija itakuwaje. Anayepiga kelele kuliko wote ni mwanao Omari, ambaye sasa ni mzee na hasikii vizuri, basi kila anachosema kinafika hadi barabarani. Nikajikuta nacheka peke yangu jikoni hadi machozi yakanitoka. Wakaniuliza, bibi, kuna nini? Nikasema ni moshi. Kuna habari moja ya banda ambayo sijamsimulia mtu, na nimeona wa kwanza kuisikia uwe wewe, kwa sababu wewe ndiye niliyekudanganya.

Unaukumbuka mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, kule upande wa Handeni? Nyumba zilipangwa kwa mistari kama shamba la mkonge, na yetu ilikuwa bado inanukia udongo mbichi. Omari alikuwa akifanya kazi kiwandani Ngombezi, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulibaki wawili, mimi na wewe, kila mmoja na kimya chake.

Nilikuwa na miaka miwili katika ndoa, msichana wa Kishambaa kutoka Mkumbara, sina mtoto, sijui Kizigua. Ulipotaka kunisema ulinisema kwa Kizigua na majirani, halafu ukanigeukia kwa Kiswahili kuniuliza kama kuni zipo. Jina langu hukuwahi kulitaja. "Mke wa Omari, maji." "Mke wa Omari, huu ugali wa kwenu unaliwa au unanywewa?" Siku iliyofuata niliusonga ukawa mgumu hata mwiko ukalia. Ulikula wote bila neno, ukanawa mikono, ukatoka. Nilikuchukia siku ile, mama, nisikufiche.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinakupa tabasamu, nacho ni kisomo. Kila alasiri ulijifunga kanga safi, ukachukua daftari lako, ukaenda kwenye darasa la watu wazima nje ya ofisi ya kijiji. Ulikuwa umeanza kusoma maneno mazima. Ulisoma mfuko wa mbolea, ulisoma kopo la maziwa, ulisoma tangazo la mkutano mlangoni kwa balozi wa nyumba kumi huku watu nyuma yako wakisubiri umalize. Mimi nilikuwa nimefika darasa la saba, lakini nilijua ole wangu nikikusaidia hata herufi moja.

Ndipo ikaja barua ya Omari. Kondakta wa basi alimpa jirani yetu Mama Sefu, naye akaileta Jumatatu jioni. Nilinyoosha mkono kuipokea.

"Nitaisoma mwenyewe," ulisema.

Ukakaa kwenye kigoda, ukaweka kidole chini ya neno la kwanza, ukaanza. Mama Sefu hakuondoka, angeondokaje? Na sote watatu tukaisikia ikitoka polepole, neno baada ya neno: Mama, shikamoo. Mimi ni mzima. Alhamisi nakuja na mgeni wa kike. Nimempata kwa fundi mmoja wa kiwandani, mtu wa Njombe. Ni mpole, hana makuu, anakula kidogo, na nimempenda tangu siku ya kwanza. Atakaa nasi moja kwa moja. Naomba mumtengenezee mahali pake pa kulala. Mwambie mke wangu asinune.

Karatasi ikaishia hapo. Kidole chako kilibaki kwenye neno la mwisho.

"Yarabi!" Mama Sefu akashika kifua. "Omari ameoa!"

Sikungoja maneno mengine. Niliingia ndani nikatandaza kanga, nikaweka nguo zangu, nikafunga furushi. Fundo likawa halikai. Ulipoingia nilidhani umekuja kunihimiza.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu, mama. Mkumbara."

"Kwenu!" Ulisimama katikati ya mlango, na kwa ule upana wako hapakuwa na pa kupita. "Nani alikuja Mkumbara kukuposa? Si mimi? Si nilipanda lori la mahindi na goti langu hili bovu? Huyo wa Njombe nani alikwenda kumposa? Mimi simjui. Fungua hilo furushi, mwanangu. Wa kuondoka kwenye nyumba hii si wewe."

Mwanangu. Miaka miwili nilikuwa nimeishi bila jina, halafu ghafla nikapewa hilo. Nililia, na wewe ukajifanya unatafuta kitu dirishani.

"Sasa huyo mgeni atalala wapi?" nilikuuliza nilipopata sauti.

Ulifikiri kidogo. "Banda la kuku liko wazi."

Kuku wetu wote walikuwa wamekufa kwa kideri. Banda lilibaki pale nyuma ya jiko, limelegea upande mmoja, limejaa utitiri na manyoya. Ulisema alale humo ili aone mwenyewe njia ya kurudia kwao.

Jumanne asubuhi ulinitupia ile barua mekoni. "Washia moto hiyo, isikae ndani mwangu." Nikaichukua. Nilitaka tu kuutazama mwandiko wa mume wangu mara moja zaidi kabla haujaungua, na nilipoigeuza nikaona nyuma yake kumeandikwa pia, ukurasa mzima. Kule darasani mlisoma ubaoni, mama, na ubao hauna nyuma. Hukujua.

Nyuma Omari alikuwa ameandika hivi: Msishtuke, nawatania. Ni simbilisi. Ni mnyama mdogo wa kufugwa, kama sungura asiye na masikio marefu wala mkia. Hawezi baridi wala mvua. Zibeni matundu yote, nyoka na nguchiro wasimpate. Mtandikieni majani makavu. Nimemchukua ili mama na mke wangu wapate kazi ya kufanya pamoja, maana nikija nyumbani nanyi mmenuniana, chakula hakinishuki.

Nilicheka hadi nikaziba mdomo kwa kanga. Nikainuka nije kukuambia. Nakuapia, nilifika mlangoni. Lakini nje nilimsikia Mama Sefu akikuambia, kwa Kiswahili siku hiyo, labda ili nisikie, "Si wewe mwenyewe ulikuwa unalalamika kwamba hazai?"

Nawe ukamjibu, "Nililalamika mimi, siyo wewe. Mwache mwanangu apumue."

Nikarudi mekoni. Barua nikaichomeka kiunoni, moto nikauwasha kwa majani makavu.

Siku mbili, mama. Siku mbili tulitayarisha lile banda, wewe ukijua ni la mke mwenzangu, mimi nikijua ni la mnyama asiyezidi kilo moja. Wewe ulitaka lifagiliwe tu, watu wasije kusema tumemlaza binadamu kwenye mavi ya kuku. Mimi niliingia humo kwa magoti nikakwangua sakafu, nikamwaga majivu kuua utitiri, nikatoa fito zilizooza na kuingiza miti mikavu ya mkonge. Nilipoanza kuziba matundu kwa mawe na udongo ukainama kunichungulia.

"Tundu hilo dogo unaliziba la nini?"

"Nyoka, mama."

"Nyoka akiingia si ndiyo vizuri?"

Niliendelea kuziba. Nikaleta majani makavu nikayatandika yakawa mazito na laini, kisha nikatafuta kifuniko cha sufuria kilichobonyea nikakiweka pembeni kuwa cha maji.

"Mke mwenzio unamtandikia hivi?" ulisema. "Una moyo gani wewe? Mimi nisingeweza."

Aibu iliniwaka hadi masikioni. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini ulishuka chini polepole na lile goti lako, ukakaa juu ya udongo, ukaanza kufinyanga madonge na kunipitishia moja moja mlangoni, huku ukisimulia. Ukanieleza kwamba wewe pia ulikaa miaka miwili bila mtoto, na siku moja mumeo akaja na mwanamke mwingine, hakukuambia, aliingia naye tu wakati wewe unatwanga. Ulimpokea mzigo wake. Ulimpikia.

"Nilifunga furushi kama wewe," ulisema. "Hakuna aliyeniambia nifungue. Nilifungua mwenyewe kwa sababu kwetu kulikuwa mbali."

Niambie, mama, ningekukatizaje hapo na habari za simbilisi? Nilipokea donge lako la udongo, nikaziba. Jioni tulitoka tumepakaa matope hadi kwenye nyusi, tukatazamana, wewe ukaanza kucheka. Sikujua kwamba una kicheko kile. Kilikuwa cha msichana.

Alhamisi Omari alikuja alasiri kwa baiskeli ya kuazima, kapu limefungwa nyuma, amefunikwa vumbi na furaha. Wewe ulikuwa umesimama uani na mwiko mkononi. Mama Sefu alikuwa amekuja kuomba chumvi, na mke wa balozi amekuja kuomba moto, na wengine sijui walikuja kuomba nini.

"Yuko wapi?" ulimuuliza kabla hajashuka.

"Shikamoo, mama. Nani?"

"Huyo mkeo wa Njombe!"

Omari akanitazama mimi, akakutazama wewe, akautazama mwiko. "Mke wangu si huyo hapo?" Kisha akafungua kapu. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia na nyeupe, mviringo, kina macho meusi kama mbegu za mpapai, kikasema kwi, kwi, kwi, kikaficha uso.

Ulishusha mwiko. "Ndiye huyu?"

"Ndiye. Kwani hamkusoma nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya barua!"

Ukanigeukia. "Mwanangu, wewe uliiona hiyo nyuma?"

Na mimi, barua ikiwa bado kiunoni mwangu, nikakujibu nikiwa nimekukazia macho, "Hapana, mama. Niliwashia moto kama ulivyoniagiza."

Basi ndiyo hiyo. Nimeisema. Niliogopa kwamba ukijua, lile neno mwanangu utalichukua urudi nalo ulikolitoa.

Ulikaa chini palepale ukacheka hadi kanga ya kichwa ikadondoka. Ukamnyanyua yule mnyama kwa mikono miwili, ukampeleka mwenyewe bandani, ukamweka juu ya majani yale. Akazunguka mara mbili, akanywa maji kwenye kifuniko, akalala. "Bi Mdogo ameridhika," ukawatangazia majirani, na jina likakaa. Watu walitoka hadi kijiji cha pili kuja kumsalimia Bi Mdogo wa Mama Omari. Darasani nako, nasikia, ulimgombeza mwalimu kwa nini hakuwaambia kwamba karatasi ina upande wa pili. Tangu hapo kila ulichokisoma ulikigeuza, hata kopo la maziwa.

Mvua zilipoanza ulimhamishia ndani, chini ya kitanda chako, ukasema banda linavuja. Halikuvuja, mama. Nililiziba mwenyewe, na usiku wa mvua kubwa nililikagua, majani yalikuwa makavu kabisa. Nilinyamaza. Nikaona tumelipana.

Watoto walikuja baadaye, kwa wakati wao, na kila mmoja wewe ndiye uliyempokea wa kwanza. Sasa mimi pia nina mkwe. Kila ninapotaka kumsema huwa nalikumbuka lile goti lako likishuka chini kwenye udongo, nami nashuka. Hujui umemwokoa mara ngapi.

Sikuombi radhi, kwa sababu sijutii. Ningejua nini kitatokana na siku mbili zile, ningeificha barua wiki nzima. Mungu akulaze mahali pakavu, pasipo na upepo. Na kama habari hii imekukasirisha, nikasirikie kama ulivyozoea, kwa sauti ya kufika hadi kwa balozi, halafu uniite nije nikae karibu yako.

Mwanao,
mke wa Omari